Risala ya Watumiaji wa Bwawa kwa Mkuu wa Wilaya Kuhusu Viboko, Tuta na Kina cha Maji

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi;
Ndugu Katibu Tawala wa Wilaya;
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri;
Mheshimiwa Diwani wetu;
Wataalamu wa maji, wanyamapori, kilimo na mifugo mliofuatana na mgeni rasmi;
Wazee wetu, makamanda wa sungusungu, kina mama na wananchi wote mliohudhuria:



Mheshimiwa mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kukubali kuadhimisha nasi Wiki ya Maji hapa kwetu badala ya makao makuu ya wilaya. Umetukuta mwezi Machi. Bwawa limejaa, yungiyungi zimechanua, na viboko wamelala katikati ya maji, masikio tu juu. Mgeni akisimama hapa leo atadhani ameletwa mahali pa kupigia picha. Laiti ungepata nafasi ya kurudi Oktoba, risala hii isingekuwa na haja ya kuwa ndefu.

Sisi ni wakulima wa mpunga, mahindi, karanga, viazi na tumbaku, ni wafugaji, ni wavuvi wadogo wa kambale na perege, na kina mama wanaochota maji. Vijiji vyetu viko kando ya njia ya kale ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora na kuendelea Ujiji. Wapagazi wa njia ile walikuwa babu zetu Wanyamwezi, na kirangozi aliyewatangulia alipanga safari kwa kufuata maji: leo tulale kwenye kisima hiki, kesho kutwa kwenye mto ule. Upande wa mashariki, katika pori la Mgunda Mkali ambako maji yalikuwa haba, walijaza vibuyu mchana, wakatembea hadi giza, wakalala njaa kwa kukosa maji ya kupikia. Upande huu wetu ulikuwa na nafuu, kwa sababu ya Mto Igombe na vijito vyake vinavyokwenda kuingia Malagarasi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo ilitaka maji, kwa kuwa injini ya mvuke hunywa kuliko kundi la ng'ombe. Tunaeleza haya ili ieleweke kwamba watu wamekaa hapa kwa ajili ya maji, tangu kabla ya serikali yoyote iliyoandikwa.

Mheshimiwa, mwaka hadi mwaka taarifa zinazofika kwako kutoka kwetu zinahusu viboko: kiboko amekula mpunga, kiboko amemfukuza mtu, tunaomba askari aje na bunduki. Sisi wenyewe ndio tulioziandika hivyo. Leo tunaomba utusikilize kwa namna nyingine. Kiboko aliyeko kwenye maji ya kutosha hana shida na mtu mchana kutwa. Shida huanza maji yanapopungua kupita kiasi, au yanapozidi kupita kiasi, na katika hali zote mbili hakuna aliyepewa kazi ya kuyasimamia. Kero zetu ni hizi.

1. Bwawa letu halina mwenyewe. Tumepeleka barua ofisi kadhaa, nasi hatuzitaji, kwa kuwa hatukuja kumshitaki mtu mbele ya mgeni. Ofisi moja ilitujibu kwamba tatizo letu ni wanyama, basi twende kwa watu wa wanyama. Watu wa wanyama wakasema mnyama yuko ndani ya maji na tuta limebomoka, basi twende kwa watu wa maji. Huko tuliambiwa bwawa hili ni la kunyweshea mifugo, halimo katika miradi ya maji ya kunywa, twende mifugo. Mifugo wakatupa pole na kutuambia bajeti imekwisha. Tumezunguka kwa adabu, kila mahali tukikaribishwa kiti. Ombi letu: Mheshimiwa, tunaomba utamke leo, kwa maandishi, ofisi ipi inalimiliki bwawa hili na ni mtumishi gani tutakayempigia simu usiku tuta likianza kuvuja. Tena Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inagusa usalama wa mabwawa, na inaruhusu watumiaji kuunda jumuiya yao. Tunaomba wataalamu wa bonde watusaidie kuisajili jumuiya yetu, ili ofisi yenye bwawa iwe na mtu wa kushikana naye mkono huku chini.

2. Tuta linakatika. Hapa, Mheshimiwa, tunaomba uvumilivu wako, kwa kuwa ndipo hatari ilipo na ndipo wengi wasipopaona. Baada ya hotuba tutakuomba utembee nasi hadi upande wa kaskazini, kwenye mwembe ulioinama. Pale kuna njia ya viboko. Utaitambua mara moja: ina mifereji miwili iliyokwenda sambamba na kigongo cha nyasi katikati, kwa sababu miguu ya kiboko ya kushoto na ya kulia imeachana mno. Mnyama huyu ana desturi. Akishachagua mahali pa kutokea, hutokea hapo hapo kila jioni na kurudi hapo hapo kabla ya alfajiri, na aliyekomaa ana uzito wa zaidi ya tani moja. Wanapanda tuta wakitoka, wanalishuka wakirudi, na mvua ikinyesha maji hufuata mifereji ile ile kana kwamba imechimbwa na fundi. Tuta lililokuwa na mgongo ulionyooka sasa lina pengo. Bwawa likijaa, maji hayapandi hadi usawa wa tuta zima. Yanatafuta pengo hilo. Yakishaanza kupita juu ya udongo, hula udongo, na tundu la kupitisha mkono asubuhi huweza kupitisha trekta jioni. Katika mvua kubwa za mwaka 2023/24 tulilala pale na majembe, tukijaza viroba vya mchanga, wanaume kwa wanawake, huku viboko wakikoroma gizani upande wa pili wakisubiri tuondoke ili wapite.

Kiboko hayuko peke yake katika uharibifu huu. Nungunungu na kenge wamechimba mashimo upande wa nje. Mchwa wamejenga vichuguu. Miti iliyoachwa ikaota juu ya tuta imekuwa mikubwa, na wataalamu watakubaliana nasi kwamba mti ukifa, mizizi yake huoza na kuacha mirija ndani ya udongo ambayo maji huipenda. Ng'ombe nao wanapanda popote, kwa kuwa hakuna walipoelekezwa. Ombi letu: tuta likaguliwe na mhandisi kabla ya mwezi Juni, pengo lizibwe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, wala siyo kifusi cha kumwaga na kuondoka, upande wa maji upangwe mawe, vichaka ving'olewe na ukoka upandwe. Tena viboko watengewe njia yao mwishoni mwa tuta, kwenye ardhi ngumu ya asili, na njia ya sasa izibwe kwa magogo na mawe. Mkizuia bila kufungua pengine, watafungua wenyewe.

3. Kina cha maji kinaamuliwa na mwenye nguvu. Utoro wa maji ulijengwa ili maji yakifika kimo fulani yatoke yenyewe. Siku hizi kimo hicho kinabadilika kwa kutegemea nani alipita usiku. Wenye mifugo wanaweka viroba kwenye utoro ili maji mengi yabaki kwa kiangazi, na tuta linaelemewa. Wenye majaluba ya mpunga kule chini wanaviondoa ili maji yawafikie, na siku nyingine wanachimba zaidi ya walivyokusudia. Wavuvi wanatega nyavu mdomoni mwa utoro na takataka zinauziba. Koki ya bomba la chini, ambayo ndiyo ingeyatoa maji kwa kipimo, ilishika kutu zamani, na gurudumu lake la kuzungushia liliuzwa na mtu kama chuma chakavu. Kila kundi lina hoja yake, nasi katika kamati tuna watu wa makundi yote, kwa hiyo tunajua ladha ya ugomvi huo hata mezani.

Vijana wetu waliosoma wametueleza kwamba Marekani na Ulaya wana mnyama aitwaye biva, anayekata miti kwa meno na kujenga bwawa mwenyewe katikati ya mto. Maji yakipanda yanafunika mashamba na barabara za watu. Wakimbomolea, anajenga tena usiku huo huo. Mwishowe baadhi yao wameacha kumwinda na kumbomolea. Wanapitisha bomba ndani ya bwawa la mnyama, mdomo wake wakauzungushia wavu mbali kidogo na tuta asiugundue, na maji yanabaki kwenye kimo wanachokubali binadamu. Mnyama anabaki, barabara inabaki. Mnyama wetu hajengi, sifa hiyo hatumpi, lakini dawa ni ileile: bomba na kimo kilichokubaliwa. Ombi letu: utoro ujengwe upya kwa zege, usiweze kuinuliwa kwa viroba wala kushushwa kwa jembe, koki mpya ifungwe ndani ya kijumba chenye kufuli, ufunguo ukae kwa jumuiya, na bao la kupimia kina lisimikwe majini likiwa na alama tatu za rangi. Maji yakifika alama ya juu, koki inafunguliwa. Yakishuka alama ya kati, mashine za kumwagilia zinazimwa. Yakifika alama ya chini, hakuna anayechota kwa mashine wala kwa mfereji, awe diwani au mwenyekiti, na maji yaliyobaki ni ya ndoo, ya ng'ombe na ya wanyama.

4. Kiangazi tunagombea tope. Mvua zikikatika Aprili au mwanzoni mwa Mei, bwawa linaanza kurudi nyuma, na kufikia Septemba limebaki dimbwi katikati ya uwanja wa udongo uliopasuka. Ngozi ya kiboko haivumilii jua, kwa hiyo hawezi kutoka mchana, na wote wanabanana humo. Madume wanapigana, wanaoshindwa wanafukuzwa na kwenda kulala kwenye mifereji, kwenye majaluba, hata kwenye mashimo ya kifusi kando ya barabara, mahali ambapo mtu hatarajii kumkuta kiboko. Ndugu zetu wa Katavi wanaifahamu hali hii vizuri, Mto Katuma unapokauka na viboko wakajaa matopeni wakilaliana. Maji yenyewe yanaharibika. Mnyama mmoja hula karibu kilo 40 za nyasi kwa usiku na kinyesi anakileta majini. Katika madimbwi ya Ruaha Mkuu watafiti wamekwishaonyesha kwamba kinyesi hicho kikizidi na maji yasipotembea, hewa ya majini huisha na samaki hupungua. Kwetu samaki huelea asubuhi tumbo juu, na watoto huwaokota.

Katika dimbwi hilo hilo ndimo ng'ombe wanamoingia kunywa, wakanasa kwenye tope hadi kifuani, wakavutwa kwa kamba. Na ndimo kina mama wanamoinama na ndoo, wakiwa na mamba wasiyemwona na kiboko wanayemwona. Wanakwenda kwa makundi, mmoja anapiga dumu, mmoja anaangalia, mmoja anachota. Kichocho hatukihesabu tena kama ugonjwa. Kimekuwa sehemu ya utoto. Ombi letu: bomba lipitishwe kutoka bwawani hadi kwenye mabirika nje ya tuta, ili ng'ombe asiwe na sababu ya kuingia majini. Mashimo ya kifusi yaliyoachwa na wajenzi wa barabara yasafishwe na kuwa malambo. Yapo tayari, yanahitaji mdomo na mteremko tu. Na vichimbwe visima viwili vya pampu vya maji ya kunywa, mbali na bwawa. Tunaishukuru Serikali kwa maji ya Ziwa Victoria yaliyofika Nzega, Igunga na Tabora mjini, na tunafahamu kwamba Urambo, Kaliua na Sikonge zimo katika mradi wa miji 28. Tunaomba tu bomba hilo lisiwe sababu ya kuyasahau mabwawa. Ng'ombe hanywi kwa mita.

5. Kifuta jasho hakitufuti. Viboko wakila mpunga wa ekari mbili usiku mmoja, familia hiyo imebaki na michembe ya viazi ya mwaka jana. Kanuni za mwaka 2011 kuhusu wanyama wakali na waharibifu ziliweka kifuta jasho cha kuanzia shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, kwa kuangalia umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na zisizidi ekari tano. Aliyeuawa, familia yake ilipangiwa shilingi 1,000,000. Hatubishani na viwango hapa, maana kusema kweli hakuna kiwango cha mtu. Tunalolalamikia ni kipimo cha umbali. Viboko wetu hawatoki hifadhini. Wanaishi bwawani, katikati ya kijiji. Mwenzetu aliyeliwa shamba lake aliulizwa yuko kilomita ngapi kutoka mpaka wa hifadhi, akabaki kutazamana na karani. Tena mtathmini hufika baada ya wiki kadhaa, nyayo zimeshapigwa na mvua, mpunga umeshachipua upya majani yasiyozaa, na anaandika kwamba hali ni ya kuridhisha. Ombi letu: afisa ugani wa kata apewe mamlaka ya kutathmini ndani ya siku tatu, kwa picha ya simu na sahihi ya mtendaji, na Mheshimiwa utufikishie wizarani hoja ya viboko wa mabwawa, wasiokuwa na mpaka wa kupimia. Sungusungu wetu wanaokesha na madebe na mienge wapewe tochi zenye mwanga mkali na mafunzo ya kumrudisha mnyama bila kujiweka kati yake na maji, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapofia.

Kuhusu bunduki tuseme wazi. Kiboko akiuawa hapa, nyama inagawanywa na siku hiyo ni sikukuu. Nyama yake ni tamu, hatukatai. Mwezi unaofuata anaingia mwingine kutoka mtoni, kwa kuwa nafasi ipo na maji yapo, na mgeni huyo hajui njia wala desturi za mahali. Aliye mbaya kweli, aliyezoea kushambulia, aondolewe na wataalamu. Wengine tunaomba waachwe.

6. Bwawa linajaa mchanga. Mashamba yameingia ndani ya mita 60 zilizokatazwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na miti ya juu imeishia kwenye mabani ya tumbaku na kwenye magunia ya mkaa. Ombi letu: vigingi vya mita 60 viwekwe na mpima ardhi, vionekane, kisha kila aliye ndani atoke, pasipo kuangaliana usoni; na makampuni yanayonunua tumbaku yapande miti katika dakio la bwawa hili, siyo kando ya barabara inakoonekana.

7. Sheria ndogo yetu imelala. Mkutano mkuu wa kijiji ulipitisha sheria ndogo ya bwawa, ikapelekwa kwa ajili ya kuidhinishwa, na bado tunaisubiri. Kwa sasa tukimkamata aliyeharibu utoro, anatuuliza kifungu, nasi hatuna. Ombi letu: iwekwe katika ajenda ya Baraza la Madiwani lijalo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, hatukuja mikono mitupu. Mawe tutasomba wenyewe, udongo tutachimba, na kina mama wameahidi chakula cha mafundi kwa muda wote wa kazi. Wafugaji wamekubali kuchangia kwa kila kichwa cha ng'ombe, na wenye majaluba kwa kila ekari, mara tu jumuiya itakapokuwa na akaunti ya benki, siyo kabla. Tunachokosa ni mhandisi, saruji, bomba, koki na sahihi yako.

Tunaomba pia majibu yaje mapema. Tuta hutengenezwa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, maji yakiwa mbali. Mafundi wakija Novemba watakuta mvua ya kwanza imeshaanguka, watapiga picha, watarudi. Kwa hiyo tunaomba mhandisi afike kabla ya mwisho wa Mei, na taarifa yake isomwe hapa, chini ya mwembe huu, mbele ya watu hawa.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Watumiaji wa Bwawa,
kwa niaba ya wakulima, wafugaji, wavuvi na wachota maji